Udongo Ulioingia Bila Kupimwa

Nina kisa, nikitoe?

— Kitoe tukione.

Kina mkia mrefu.

— Tutaushika.

Kina uongo ndani yake.

— Tutauchuja.

Na ukweli je?

— Huo tutaunywa.

Mmeitikia upesi mno. Watu wanaoitikia upesi hivyo huwa wameshakula kitu wasichotaka nikijue. Haya, panguseni midomo, tuanze.

Zamani, lakini si zamani ile ya kusahaulika, kulikuwa na kiangazi kibaya. Mito ilikauka. Visima vilikauka. Hata umande uliona haya kushuka. Katika nchi nzima lilibaki bwawa moja tu, juu ya mteremko, maji yakifika magotini, na bwawa hilo lilishikwa na Nyani dume mwenye mabega kama magunia ya mahindi. Jina lake Mashaka.

Mashaka hakulichimba. Alilikuta. Alifika asubuhi moja, akawafukuza waliokuwa wakinywa, akazungushia miiba ya mgunga, akaacha mlango mmoja mwembamba, akaketi mlangoni. Akanywa yeye. Akaoga yeye. Akaoga tena kwa sababu aliona kule kuoga kwa kwanza hakukumkolea. Wengine wakapanga foleni juani.

Sasa, huyu Mashaka alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakumwamini mtu. Hakuwaamini wanyama, hakuuamini upepo, hakuuamini hata mkia wake mwenyewe, ndiyo maana kila mara aligeuka kuutazama unafanya nini huko nyuma. Ukimwamkia, anakuuliza umemwamkia kwa nini. Ukinyamaza, anakuuliza unaficha nini. Kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha, na mimi nawajua wawili watatu, lakini majina yao siyataji.

Mashaka akatunga sheria. Akapanda juu ya jiwe, akasema, "Kunywa, mtakunywa hapa hapa, kila mtu kwa mdomo wake. Kubeba, hakuna. Chombo hakiingii kwangu."

Ngiri alikuwa mbele ya foleni. Ngiri ana nguvu na ana pembe, lakini mambo humwingia polepole. Akauliza, "Samahani, Bwana Mashaka. Chombo ni nini?"

Mashaka akamtazama kwa jicho moja. Kwa nini anauliza? Anatafuta upenyo gani? Akafikiri sana, halafu akajibu, "Chombo ni kitu kisichopitisha maji. Nitamimina maji juu ya kila mnachokuja nacho. Kisichopitisha, hakipiti. Kinachopitisha, kipite."

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe kuliko alivyotarajia. Akayarudia kwa kuimba, akipiga makofi: kisichopitisha, hakipiti, kinachopitisha, kipite. Tangu siku hiyo huo ndio ukawa wimbo wake pale mlangoni.

Akaja mmoja na chungu. Mashaka akamimina maji. Maji yakatulia, kimya. "Hakipitishi. Hakipiti." Pwaa, chungu kikapasuliwa.

Akaja mmoja na kibuyu. Mashaka akamimina maji. Maji yakatulia, kimya. "Hakipitishi. Hakipiti." Kwachu, kibuyu kikakanyagwa.

Akaja mmoja na kopo la bati aliloliokota kwenye njia ya watu. Mashaka akamimina maji. Kimya. "Halipitishi. Halipiti." Bonda, bonda, bonda, kopo likawa bapa kama chapati.

Akaja mwingine na mfuko wa nailoni. Nao ukakaa na maji yake kimya, nao ukatobolewa kwa ukucha.

Akaja mmoja na chekecheo. Mashaka akamimina maji. Chururururu, yote chini. "Linapitisha. Lipite." Likapita, na mwenye chekecheo akatoka nalo vilevile tupu, akilia, maana lilikuwa limempa haki ya kuingia lakini halikumpa cha kupeleka nyumbani.

Ndipo akafika Mzee Kobe. Kobe hakubeba kitu. Alikuja na gamba lake kama siku zote.

"Shikamoo isiwe kwangu, wewe ni mkubwa wangu," akasema Mashaka. "Lakini hicho ulichovaa mgongoni ni nini?"

"Ni mimi huyo," akasema Kobe.

"Tutaona." Mashaka akamimina maji mgongoni mwa Kobe. Maji yakateleza pembeni, hata tone moja halikuingia. Mashaka akamgeuza chali, akagonga gamba kwa vidole, ko, ko, ko. "Hakipitishi. Wewe mzee ni chombo."

"Mimi ni chombo?"

"Sheria ndiyo imesema, si mimi."

Kobe akabaki nje ya miiba, akilamba ubaridi wa mawe ya asubuhi.

Chini ya ule mteremko palikuwa na mwamba, na kwenye mwamba huo aliishi Pimbi jike. Pimbi mnamjua. Ni mnyama wa mawe, unene wake kama wa paka, hana mkia, na daima anatazama kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa nyumba ya jirani. Huyu aliitwa Sikudhani. Alikuwa na watoto wachanga, wamejikunja ndani ya ufa wa mwamba, midomo imekauka mpaka inashindwa kunyonya. Kuwapeleka bwawani hakuweza, kwa kuwa juu kulikuwa na tai anazunguka tangu alfajiri, na tai hakuna anachokipenda kama pimbi mchanga. Maji ndiyo yaliyopaswa kuwafuata watoto. Yasipowafuata, watoto watakufa. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa Sikudhani, hakuna jingine.

Akapanda mteremko, akaingia, akanywa. Kisha akajaza mashavu yote mawili, akatembea taratibu kuelekea mlangoni.

Mashaka akamwona. Akaona mashavu. Akatabasamu.

"Mbona huniagi?"

Sikudhani akainamisha kichwa.

"Jina lako nani?"

Sikudhani akaonyesha kwa mkono kule mwambani.

"Sikuuliza unakaa wapi. Nimeuliza jina."

Mnyama wa watu angefanya nini? Akajaribu kusema kwa pua. Haikuwezekana. Akafungua mdomo, na maji yote, pwaa, yakamwagika miguuni pa Mashaka.

"Sikudhani," akasema.

"Hukudhani nini? Hukudhani nitakushika?"

"Ndilo jina langu, Bwana. Mama ndiye aliyenipa."

"Na mama yako naye hakudhani nini?"

Sikudhani akageuka. Aliteremka mikono mitupu, na njiani alilia. Mashaka naye akaongeza kipengele: kila anayetoka ataje jina lake kwa sauti, mdomo wazi, ulimi nje.

Sasa sikilizeni, na wewe pale nyuma acha kumfinya mwenzako. Karibu na mwamba palikuwa na uzio wa watu waliohama, na juu ya uzio huo ulitambaa mdodoki. Dodoki mnalijua, mnasuguliwa nalo migongo kila jioni na hakuna hata mmoja wenu anayelipenda. Lilikuwa limekauka juani. Sikudhani akalichuma, akalimenya ganda, akakung'uta mbegu. Ndani yake nyuzi tupu na matundu, matundu na nyuzi. Akalibeba mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Mashaka."

"Ya nini leo?"

"Ya kukuamkia tu. Naomba niingie na hili dodoki nijisugue, nina vumbi mpaka masikioni."

Mashaka akalichukua dodoki. Akalitazama upande huu. Akalitazama upande huu. Akalinusa. Akaona mwanga ukipita katikati. Akamimina maji. Chururururu, yakatokea upande wa pili.

Alitaka kulikataa. Roho yake yote ilimwambia alikatae. Lakini wanyama walikuwa wamesimama wanatazama, na wimbo ulikuwa wake mwenyewe. "Linapitisha," akasema kwa shida. "Lipite."

Sikudhani akaingia. Akanywa. Akajisugua mgongo kidogo ili aonekane. Halafu akalizamisha dodoki chini ya maji, akaliacha linywe mpaka litosheke, akalitia kwapani, akatoka.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Sikudhani kama dodoki linasafisha kiasi hiki."

Kinywa kilikuwa kitupu, ulimi ulikuwa nje, dodoki lilikuwa na matundu yake. Mashaka akamwacha. Kule mwambani Sikudhani akaingia kwenye ufa, akalikamua dodoki juu ya midomo ya watoto. Chwi. Chwi. Chwi. Watoto wakameza, wakafumbua macho. Mama yao akacheka peke yake kama aliyechanganyikiwa.

Akarudi kesho yake. Akarudi na kesho kutwa. Kila akirudi, Mashaka anamimina, maji yanapita, dodoki linapita. Kila akitoka, Mashaka anabaki anajikuna kichwa, kuna kitu hakiendi sawa na hakijui.

Kilichomsaliti Sikudhani si mdomo wake. Ni majani. Dodoki huwa linadondosha, ndo, ndo, ndo, na pale linapodondosha kila siku ardhi hunywa. Asubuhi moja Mashaka akasimama juu ya jiwe lake na kutazama mteremko. Nchi nzima ilikuwa ya kahawia. Lakini kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye mwamba wa Sikudhani, ukanda mwembamba wa majani mabichi ulikuwa umeota, umenyooka kama mshipi.

Akamngoja. Sikudhani alipokuwa akitoka, Mashaka akalinyakua dodoki, akalikamua kwa mikono miwili. Maji yakatiririka mpaka viwikoni.

"Lina matundu," akasema Mashaka taratibu, "na bado limebeba."

"Halikubeba, Bwana. Limefyonza."

"Kufyonza ndio wizi wa chini kwa chini."

Kipengele kingine kikaongezwa: kila kilicho laini kitakamuliwa mlangoni. Pamba itakamuliwa. Kitambaa kitakamuliwa. Sufu itakamuliwa. Wenye mikia ya manyoya wakakamuliwa mikia yao, na walioona aibu wakaambiwa wasioge. Mashaka alikuwa na kazi siku nzima. Mikono ilimuuma. Hakupumzika, kwa maana kila alichokikamua kikatoa hata tone, aliona wazi kwamba dunia yote inamwibia.

Sikudhani akakaa mwambani akifikiri. Watoto walikuwa na nguvu kidogo sasa, ila kiu haina kumbukumbu ya jana. Akachukua kikapu chake cha ukindu, kikuukuu, akapanda nacho.

Mashaka akamimina maji. Yakavuja kila mshono, chuu, chuu, chuu. Akakikamua, ukindu ni mkavu, haukutoa kitu. "Kinapitisha," akasema, macho yamemtoka. "Kipite. Lakini nakuona, kapimbi wewe. Nakuona."

Ndani, Sikudhani akainama ukingoni mwa bwawa akachota udongo wa chini, ule mweusi, mzito, unaonata, ule wanaofinyangia vyungu. Akaukandika ndani ya kikapu, ukaziba kila mshono. Akachota maji, akafunika kwa majani, akajitwika.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Tua."

Akatua. Mashaka akafunua majani, akaona maji yametulia ndani ya kikapu. Hayakuvuja hata tone. Akayamwaga, akamimina mengine. Kimya. Akakizungusha kikapu kama anayetafuta mlango wake.

"Kimeingia kinapitisha," akasema. "Kinatoka hakipitishi. Basi. Leo nimekupata. Tangu sasa hutaingia humu kwa kunywa, wala kwa kuoga, wala kwa kuchungulia. Nenda."

Sikudhani akatazama kule mwambani. Aliwaona moyoni watoto wake ndani ya ufa, midomo wazi. Hakukuwa na dodoki tena, hakukuwa na kikapu, na sasa hakukuwa na bwawa. Aliogopa kweli.

"Nimekosa, Bwana Mashaka. Lakini kikapu changu hakina kosa. Wewe mwenyewe ulikipima, kilipitisha. Kilichozuia maji ni huu udongo."

"Udongo gani?"

"Huu wa bwawani kwako."

Mashaka akaugusa kwa ncha ya kidole. Ukanata. Akajaribu kuukung'uta. Ukanata kwenye kidole kingine.

"Uliingia lini huu?" akauliza.

"Sijui. Ulikuwapo."

"Nani aliupima?"

Sikudhani alitaka kusema hakuna. Akamtazama Mashaka usoni, na pale pale akaona kitu. Aliona kwamba mtu huyu hamsikilizi, anamchunguza. Kila neno atakalolisema, Mashaka atalipindua atazame chini yake kuna nini. Moyo wa Sikudhani ukapiga, di, di, di.

Akaamua kusema ukweli.

"Bwana Mashaka," akasema, "nakusihi sana, udongo huo usiuguse. Ndio unaoshika maji yako. Chini yake ni mchanga mtupu, nami naujua mchanga, naishi chini ya mteremko. Ukiuondoa udongo, maji yatapotea. Uache hapo ulipo."

"Niuache."

"Uache, tafadhali."

"Wewe mwizi ndiye unayeniambia niuache."

"Nakuambia kwa faida yako."

"Kwa faida yangu," akarudia Mashaka, na manyoya ya mgongo yakamsimama. Hapo alijua. Mtu uliyemfukuza sasa hivi hawezi kukutakia mema. Udongo ule ulikuwa mwenzake Sikudhani. Walipanga tangu mwanzo.

Akachota udongo, akaufinyanga ukawa na tumbo kama la chungu, akamimina maji. Kimya. Akachukua mchanga mkononi, akamimina maji. Tiii, yakapita katikati ya vidole. Akarudia. Udongo, kimya. Mchanga, tiii. Akatazama bwawa, na bwawa zima lilikuwa limekalia udongo, chini na pembeni, kama uji ndani ya bakuli.

"Kumbe," akasema kwa sauti ndogo. "Nakamua mikia ya watu hapa mlangoni, na chombo kikubwa kuliko vyote kimelala ndani ya nyumba."

Wapo miongoni mwenu wanaocheka. Chekeni polepole. Mtu hupotelea hapo hapo alipojua kuwa amegundua.

Mashaka akamwita Ngiri na wenzake. "Chimbeni udongo wote, mtakunywa huku mkichimba. Kisichopitisha, hakipiti." Ngiri kuambiwa achimbe tope ni sawa na wewe kuambiwa ukalambe sufuria ya sukari guru. Akaingia na pembe zake, chuku, chuku, chuku.

Kobe alikuwa nje ya miiba. Akapaza sauti, "Mashaka, mwanangu, udongo huo ndio sakafu yako."

"Chombo kinamtetea chombo mwenzake," akajibu Mashaka.

Udongo ukatolewa, mabonge kwa mabonge. Mashaka mwenyewe aliyabeba, akayarusha nje ya miiba yabingirike mteremkoni. Pu. Pu. Pu. "Mchukue mwenzako wa wizi," alimpigia kelele Sikudhani aliyekuwa chini. "Kaishini pamoja."

Yakabingirika mpaka mwambani, na Sikudhani hakuyakimbia. Mbele ya mwamba palikuwa na bonde dogo, shimo la kina kifupi ambalo wakati wa masika hujaa maji siku moja tu kisha hukauka. Kobe akateremka kwa mwendo wake kumsaidia. Wakayakanda mabonge kwa miguu, wakalikandika bonde lote chini na pembeni, Kobe akipita juu na tumbo lake gumu, akilainisha kama fundi anayesawazisha sakafu. Hawakuzungumza sana. Sikudhani alikuwa anaomba Mungu asije akawa amekosea.

Kule juu, Mashaka akasomba mchanga akautandaza pale udongo ulipotoka. Akaupima, akimimina maji. Tiii. "Huu ndio mwaminifu," akasema. "Haunati, haufichi, haushiki cha mtu."

Akaenda mlangoni, akaketi. Akampa bwawa mgongo, akaukabili mlango, kwa sababu wezi huingilia mlangoni.

Siku ile hakuna aliyebeba hata tone. Mashaka alikamua kila mkia. Alisikiliza kila jina. Alitazama chini ya kila ulimi. Saa zilivyokwenda akasikia wanyama waliomo ndani wakinong'ona, akawaambia wanyamaze. Wakanong'ona tena. Akawaambia wanaonong'ona watatoka. Ngiri akasema, "Bwana Mashaka, maji yanapungua." Mashaka akamjibu, "Nani anayechukua?" Ngiri akatazama huku na huku. "Sioni mtu." "Basi wewe ndiye," akasema Mashaka, akamfukuza.

Jua lilipoanza kulala upande mmoja, Mashaka alisikia kiu. Akageuka.

Palikuwa na mchanga. Umelowana katikati, umekauka pembeni. Akaingiza mkono, akachimba, akachimba, ukarudi na mchanga. Akatazama miiba: haikukatwa. Akatazama mlango: hajautoka. Kila kitu kilipimwa, kila kitu kilipita kwa halali, na maji hayapo.

Ndipo akasikia kitu kule chini ya mteremko. Tii, tii, tiririri.

Maji yalikuwa yamezama kwenye mchanga, yakashuka chini kwa chini mpaka kwenye mwamba. Mwamba hauyapitishi, kwa hiyo yakatafuta njia pembeni yake, yakatokeza mlangoni pa Sikudhani, yakaanguka ndani ya bonde lililokandikwa udongo, yakatulia. Tena hayakuwa yale ya tope yaliyoogewa na Mashaka. Mchanga ulikuwa umeyachuja njiani, yalikuwa meupe, unaona chini. Watoto wa Sikudhani walitoka kwenye ufa wenyewe, hatua mbili tu chini ya kivuli cha jabali ambapo tai hafiki, wakainama wakanywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Sikudhani alikaa pembeni akiwatazama. Alikuwa na furaha mpaka ikamuuma.

Wanyama wakateremka. Mwenye kibuyu akaja na kibuyu kipya. Mwenye chungu akaja na kigae. Kobe akaingia mzima mzima na gamba lake, hakuna aliyemwuliza ni nini. Hapakuwa na miiba.

Mashaka naye akateremka, polepole, akijificha nyuma ya mti huu na mti huu. Akafika ukingoni. Ulimi ulikuwa umemshika kwenye kaakaa.

"Umeyaiba vipi?" akauliza. "Niambie tu. Umepitia wapi?"

"Nilikuambia," akasema Sikudhani. "Nilikuambia yatapotea."

"Uliniambia ili nisiamini."

"Nilikuambia ukweli. Kuamini ilikuwa kazi yako." Akamtazama yale mabega makubwa yaliyoshuka, na akamwonea huruma, hakuweza kujizuia. "Kunywa, Bwana Mashaka."

"Kwa nini unaniambia ninywe?"

"Kwa sababu una kiu."

Mashaka akainama. Akayaona maji, meupe, mpaka chini. Akajiona na yeye ndani yake, uso wake mrefu, macho yamekaribiana, anamtazama. Hakumpenda aliyemwona. Akainuka.

"Mbona masafi hivi?" akasema. "Mmetia nini?"

Wanyama wote walikunywa. Wakanywa wakaondoka na vyombo vyao. Mashaka alibaki amechutama ukingoni, kiu inamwua, maji yapo pale mbele ya pua yake, na katika nchi nzima hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwuliza kama yanafaa na akamwamini.

Alikunywa mwishowe? Wapo wanaosema alikunywa, wapo wanaosema hapana. Mimi siwaamini wote.

Kisa kimefika nyumbani, kimevua viatu.

— Na kilale salama.

Asiyelala?

— Ana lake jambo.

Na fundisho, kwa kuwa najua mtaulizwa. Fundisho ni kwamba mjanja hafiki mbali. Mtazameni Sikudhani: pamoja na ujanja wake wote hakufika popote, yuko pale pale mwambani, na bwawa mlangoni. Kwa hiyo, watoto wazuri, msiwe wajanja. Mkikutana na mtu mwenye nguvu, mchoyo, asiyemwamini mtu, msimdanganye hata kidogo, ni vibaya. Mwambieni ukweli mtupu, kwa adabu, na tafadhali ndani yake. Halafu kaeni chini ya mteremko mngoje.